Ukuta wa Turubai, Ukuta wa Bati

Kuna namna mbili za kufunga nyumba nyuma ya gari na kwenda nayo. Ya kwanza ni karavani: chumba kizima chenye kuta ngumu zilizovikwa bati la alumini au faibaglasi, kitanda kimetandikwa saa zote, jiko ndani, friji, mara nyingi choo na bafu, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Ukifika pa kulala unaegesha, unashusha miguu yake, unaingia. Ya pili nitaiita trela ya turubai, kwa sababu huku kwetu haina jina. Barabarani inafanana na sanduku la mizigo lenye magurudumu. Ukifika unafungua mfuniko, unavuta vyuma, turubai linainuka, unapiga vigingi na kutukana kidogo, halafu una hema juu ya godoro. Jiko linachomolewa kando kama droo. Kwa hivyo unapika nje, upende usipende.

Huko Australia, ambako barabara iitwayo Highway 1 inazunguka nchi yote kwa takriban kilomita 14,500, huu ni ubishi wa kweli. Kuna wazee ambao wakishastaafu huuza nyumba au kuipangisha, wakanunua moja ya hizi mbili, wakaingia barabarani mwaka mzima au zaidi. Wa bati huwacheka wa turubai mvua ikinyesha. Wa turubai huwacheka wa bati njia ikiharibika. Mimi nilikuwa nausikiliza ubishi huu kama mtu asiye na timu.

Kisha dada yangu akaniuliza achague ipi. Ni binti wa mama mkubwa, na yuko Perth, anatunza wazee katika nyumba yao, zamu ya usiku. Kila mkataba wake wa kupanga ukiisha kodi inaruka. Kuna mawakala wanaopeleka watu wa kazi kama yake kwenye miji ya mbali isiyo na wafanyakazi wa kutosha, wiki 6 hapa, wiki 12 pale: Geraldton, Karratha, Broome. Kutoka Perth hadi Broome ni zaidi ya kilomita 2,000. Hesabu yake ni kuachana na keja, anunue kitu cha kuvuta, alale mle, afukuze kandarasi kaskazini na kusini kwa miaka miwili au mitatu, kisha arudi na pesa ya ploti.

“Mdogo wangu,” alisema kwenye ujumbe wa sauti, “wewe si ulisoma falsafa? Basi niambie, mtu anahitaji ukuta wa nini?”

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Tangu hapo, kila mtu wa ukoo mwenye swali lisilojibika hunitumia mimi, kana kwamba wanadai chenji ya karo. Lakini hili lilinikaa. Ukiliondoa lebo ya bei, ni swali la zamani kabisa: unapoondoka, kiasi gani cha nyumbani unapaswa kubeba, na kiasi gani uache mahali unapokwenda pakupe?

Tuanze na uzito, kwa sababu barabarani kila kitu ni kilo. Trela ya turubai iliyopakiwa kwa kawaida ina kilo elfu moja na kitu. Karavani ya familia hupita 2,000 kwa urahisi, na kubwa zake hukaribia 3,500, ambayo ndiyo mwisho wa kile pikap nyingi kubwa za kule zinaruhusiwa kuvuta. Sheria yao inafuata mizani: trela ikizidi kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe, ikizidi 2,000, breki ziwe kwenye magurudumu yote, pamoja na mtambo wa kuifunga yenyewe ikichomoka kutoka kwenye gari. Maji ya kuoga na kupika, lita 180, ni kilo 180. Vitu vizito vinatakiwa kukaa katikati, juu ya ekseli. Ukivijaza nyuma, trela inaanza kuyumba kama mkia, na kwa mwendo wa kasi mkia huo unaweza kulipindua gari. Nikisoma haya nilijiona nasoma maadili. Kuna watu nawajua wamejaza vizito nyuma.

Kwa hivyo hoja ya turubai inajieleza: beba kidogo. Trela nyepesi inapita Gibb River Road kule kaskazini magharibi, kilomita 660 hivi za njia ambayo sehemu kubwa ni kokoto na mabonde madogo madogo yanayotetemesha kila skrubu, njia ambayo karavani ya kawaida huitoka imelegea viungo. Lakini kuna hoja ya ndani zaidi, na ndiyo iliyonivutia. Ukuta wa turubai unaruhusu mahali pakuguse. Unasikia mvua kabla haijafika. Unasikia jirani akikohoa. Na kwa kuwa jiko liko nje, sufuria yako inaonekana. Mtu anayepika nje hulazimika kusema hujambo, kuazima chumvi, kuulizwa hiyo ni nini inanukia hivyo. Karavani ni yule mgeni ambaye siku ya tatu huwezi kumpa jembe, maana hakuja kwako hasa. Amekuja na sebule yake, ameegesha uani, amefunga mlango. Anaweza kuzunguka nchi nzima akilala usiku mia tatu katika chumba kilekile.

Nimeishi Nairobi kwenye ploti za namna zote mbili. Kwenye nyumba za mabati, ambako watu huweka jiko mlangoni na bomba ni moja, nilijua nani amefutwa kazi kwa harufu ya chakula chake. Kwenye bedsita ya ghorofa ya nne, mlango wa chuma, sijui jina la anayelala sentimita 15 kutoka kichwani mwangu. Hii ni hoja nzuri na naiamini. Ila hata wewe umeshaona kasoro yake: hakuna hata mmoja wa wale majirani wa jiko mlangoni ambaye angekataa jikoni ya ndani. Uwazi wao hawakuuchagua.

Hapo ndipo inabidi kumwita Seneca, mzee wa Roma, ambaye katika barua yake ya 87 kwa rafiki yake Lucilius anasimulia safari aliyoifanya kwa makusudi bila mizigo. Yeye na mwenzake siku mbili barabarani, godoro chini, koti moja la kutandika na moja la kujifunika, chakula cha mchana kisicho na mbwembwe, tini kavu kila siku. Gari lao ni mkokoteni wa kijijini, nyumbu wanatembea kama ushahidi tu kwamba hawajafa. Anasema amegundua ni vitu vingi kiasi gani havina maana. Ni kauli ya turubai kabisa. Kisha anakiri jambo zuri sana: kila wakipishana na msafara wa kifahari, anaona haya watu wadhani mkokoteni ule ni wake.

Kila mtu humpenda Seneca kwa haya hiyo. Mimi nilisimama mahali pengine, kwenye maelezo ya msafara wenyewe. Walikuwa, anasema, na watumwa wachache sana, wanaotosha gari moja.

Watumwa wachache sana! Mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma, mshauri wa Nero, anafanya mazoezi ya kuwa na kidogo, na walioshika nyumbu wamehesabiwa kama sehemu ya hicho kidogo. Tangu nisome hapo, kila nikisikia mtu anasifu safari nyepesi huuliza kimoyomoyo nani kabeba. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na kuingia bara kulala kwenye mahema. Turubai tupu, karibu na asili. Nyuma yake kulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi za wanyama, na maktaba ya vitabu karibu 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Hema lilikuwa jepesi kwake. Na yule daktari Mskoti, William Gordon Stables, ambaye mwaka 1885 alijengewa Wanderer, inayohesabiwa kuwa karavani ya kwanza ya starehe, tani mbili hivi, farasi wawili, alikuwa na kochi wa kuendesha na mtumishi aliyetangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuonya watu kuwa nyumba inakuja. Angalau yeye msafara wake haukujifanya umasikini.

Dada yangu hana mpagazi. Ana Subaru ya mtumba ambayo atalazimika kuiuza, na mgongo ambao tayari umeinua wazee wa watu kwa miaka sita. Atakayepiga vigingi baada ya kuendesha saa tisa ni yeye. Atakayekunja turubai alfajiri likiwa limelowa ni yeye, na turubai likikunjwa na maji lazima lifunguliwe upya upesi likauke, la sivyo linaota ukungu na harufu haitoki tena. Kwa mstaafu hayo ni mazoezi. Kwake ni zamu ya pili.

Na kuna jambo moja dogo ambalo kwenye mabishano yote ya bati na turubai halipewi uzito wake: yeye hulala mchana. Karatha hiyo, nikiiandika kwa masikio yetu, ni mji wa Pilbara, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 40 na msimu wa vimbunga huanza Novemba mpaka Aprili. Jiulize mtu aliyetoka zamu saa moja asubuhi analala vipi saa tano ndani ya turubai lililopigwa na jua lile. Halali. Na asiyelala, usiku atampa mzee wa watu dawa isiyo yake. Kumbe ukuta unamlinda hata mtu ambaye hajawahi kuuona.

Halafu kufuli. Turubai halifungwi. Unaweza kuweka zipu, unaweza kuweka kufuli dogo kwenye zipu, lakini kisu cha jikoni kinamaliza mazungumzo. Niligundua kuwa watu ambao barabara ndiyo maisha yao, si likizo yao, kwa kawaida hawachagui turubai wakiwa na uwezo. Waroma na Travellers wa Uingereza, ambao Stables aliwaiga magari yao ya mbao, leo wako kwenye karavani za kuta ngumu. Ukuta huo haukuwapa amani yote. Mwaka 1968 sheria ilizilazimisha halmashauri kuwatengea viwanja vya kuegesha. Mwaka 1994 wajibu huo ukafutwa. Mwaka 2022 ikaja sheria ya Uingereza na Wales ambayo kwayo mtu anayeishi garini kwenye ardhi isiyo yake, akikataa kuondoka na ikionekana analeta au ataleta madhara au usumbufu mkubwa, anaweza kufungwa hadi miezi mitatu na gari lake kuchukuliwa. Kwa hivyo nyumba yake. Karavani ya mstaafu ikiegeshwa kando ya bahari ni ndoto. Ya familia ya Traveller, bati lilelile, ni kesi. Huko Marekani Jessica Bruder aliwafuata wazee waliopoteza nyumba wakaingia kwenye vani na trela, wakitoka kuvuna viazisukari hadi kwenye maghala ya Amazon, akaandika Nomadland mwaka 2017. Filamu yake ikachukua Oscar. Watazamaji wengi walikumbuka machweo.

Kwa hivyo nikafika mahali ambapo hoja ya turubai ilibaki na wateja maalumu. Kama una nyumba nyuma yako, iliyofungwa, imelipiwa, ikikungoja, basi chukua turubai na uache ulimwengu ukuguse; unahitaji kuguswa. Kama unachovuta ndicho kila ulicho nacho, chukua mlango wenye ufunguo, na usimruhusu mtu yeyote mwenye nyumba tatu akwambie umejifungia mbali na maisha.

Ningeishia hapo kama si Wagabra.

Wagabra wa Marsabit, kule pembeni mwa jangwa la Chalbi, wana nyumba ambayo ni trela ya turubai kuliko trela ya turubai. Fito zilizopindwa, mikeka, ngozi. Ni ya mwanamke. Yeye ndiye hujenga, hubomoa, na kuipakia juu ya ngamia, na zile fito zinapofungwa kwenye mgongo wa ngamia hugeuka kuwa kitu cha kuwabebea watoto wadogo na wazee. Nyumba inabebwa, na nyumba inabeba. Haina kufuli. Na hawa si watu wa likizo. Hawana nyumba nyingine ya mawe mahali inayowangoja. Kwa hesabu yangu walipaswa kutaka bati.

Nilizunguka na hili siku kadhaa. Jibu nililolipata ni kwamba nyumba ile haihami peke yake. Zinahama nyumba kadhaa pamoja, zinajengwa upya kando kwa kando, na mbele kuna kisima chenye watu wake na zamu yake, na ngamia ambao baadhi ni wa mkopo kutoka boma lingine, kwa hivyo kuna watu kila upande wanaokujua na wanaokudai. Kufuli yao ni hao. Hata neno karavani, tulilokopa likiwa tayari lina magurudumu, lilianza Uajemi likimaanisha msafara, watu na wanyama wanaokwenda pamoja kwa sababu njia haipitiki peke yako. Kati ya kārwān na sanduku la alumini lililoegeshwa Broome, watu walidondoka njiani, likabaki sanduku. (Sitaki kuupamba msafara. Iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba pia watu waliofungwa minyororo, na mpagazi wa kulipwa alitembea na kilo 30 hivi kichwani au begani. Kwenda pamoja hakumaanishi kwenda sawa.)

Basi nilichomjibu dada ni hiki, na kilimuudhi. Nilimwambia ukuta anaouuliza unachukua nafasi ya watu. Kadiri watu wanavyopungua, ndivyo ukuta unavyopaswa kuwa mgumu, na yeye anakwenda mahali ambapo kila baada ya wiki 12 watu wanarudi sifuri. Achukue bati. Lakini asije akajidanganya kwamba bati limemaliza kazi, kwa sababu nilivyomjua tangu utotoni, akipewa mlango wa kufunga ataufunga miaka mitatu.

Alinyamaza siku mbili. Kisha: “Kwa hivyo umenisomea falsafa yote hiyo uniambie nitakuwa mpweke? Hilo najua bure. Mimi hapa Perth nina kuta nne za tofali na sijaongea Kiswahili na mtu uso kwa uso tangu Pasaka.” Sikuwa na la kusema, na bado sina. Akaongeza kwamba kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa kule kuna dada mwingine, nesi, anayefikiria jambo hilohilo, na wameanza kuulizana kama wakala mmoja anaweza kuwapa mji mmoja kwa wakati mmoja. Karavani mbili. Hiyo haikutoka kwa Seneca wala kwangu.

Mama mkubwa bado hajaambiwa. Dada anaogopa swali moja tu, na si la vimbunga. Anajua mama atauliza, “Sasa nikitaka kuja kukuona nitaambia watu naenda wapi?” Nimemshauri amtumie picha ya ndani, upande wa jiko na pazia, kabla ya kumtumia picha ya magurudumu.

Jumamosi hii anakwenda kuangalia moja ya futi 16, imetumika, mwenyewe anasema haijawahi kuvuja. Nimemwambia asimsikilize. Ainue godoro anuse pembe zote, halafu abonyeze ukuta kwa kidole gumba chini ya kila dirisha, polepole, kwa sababu maji hupitia hapo na mbao za ndani huoza bila bati la nje kuonyesha chochote. Ukibonyea popote, ashukuru na aondoke.